Mgeni, Matope na Jembe: Historia Fupi ya Baiskeli za Milimani Uingereza

Baada ya kipindi chetu kuhusu vilima vya Peak District, swali moja limerudi tena na tena: kwa nini waendesha baiskeli wa huko wanaambiana "leo usiende, kumenyesha"? Hii ni Uingereza bwana. Tukisubiri pakauke, si tutazeeka?

Swali ni zuri, na jibu lake linahusu historia kuliko hali ya hewa. Kwenye kipindi muda ulituishia, kwa hiyo nalieleza hapa taratibu, kuanzia mwanzo.

Mwaka 1879 mahakama moja ya Uingereza iliamua kwamba baiskeli ni gari, sawa na yale yaliyokuwa yakikokotwa na farasi. Kesi ilihusu mtu aliyeshtakiwa kwa kwenda mbio kupita kiasi. Mwaka 1888 Bunge likaliweka jambo hilo katika sheria. Kwa haraka unaweza kudhani ni ushindi: baiskeli imepewa heshima ya gari, basi ina haki ya barabara. Kweli, barabara iliipata. Lakini gari halipiti kwenye njia ya miguu, wala kwenye njia ya farasi. Kwa hiyo mlango wa barabarani ulifunguliwa na ule wa porini ukafungwa, siku hiyohiyo.

Na porini kwenyewe palikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ya nyika za Peak District ilikuwa mikononi mwa matajiri waliofuga ndege wa kuwinda, na walinzi wao walikuwa wakiwafukuza watembeaji. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani, wengi wao kutoka Manchester, walipanda Kinder Scout bila ruhusa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Polisi walikuwa wakimsubiri kwenye stesheni ya treni, basi yeye akaenda kwa baiskeli! Alifungwa miezi 4. Vijana watano kwa jumla walikwenda jela. Nawataja kwa sababu leo tunazipita njia hizi kama vile zilikuwepo tu tangu dunia iumbwe. Kuna watu walizilipia.

Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa na ramani za njia za umma, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini. Baiskeli bado ilikuwa nje. Mlango wake ulifunguliwa mwaka 1968, kwa Sheria ya Mashambani, kifungu cha 30. Kwa Uingereza na Wales kifungu hicho kilisema mambo manne. Kwanza, mtu wa baiskeli aruhusiwe kwenye njia za farasi. Pili, awapishe watembea kwa miguu na wapanda farasi. Tatu, serikali ya mtaa inaweza kuizuia haki hiyo kwa amri zake. Nne, na hili ndilo watu wengi hawalijui, hakuna anayelazimika kuitengeneza njia ili baiskeli ipite vizuri.

Soma tena hilo la nne. Umekaribishwa, lakini hakuna atakayekutandikia kitanda. Na nyumba yenyewe ni ndogo: ukichukua njia zote za umma za mashambani Uingereza na Wales, baiskeli ina haki kwenye karibu moja ya tano tu.

Wazee wetu wana msemo kwa mtu wa namna hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waendesha baiskeli walikuwa wageni kuanzia 1968. Historia inayofuata ni ya jinsi jembe lilivyowafikia.

Mwaka 1968 wabunge walikuwa wakifikiria watu wa kutalii na baiskeli nyembamba na thermos ya chai. Hawakujua kinachokuja. Tarehe 21 Oktoba 1976, katika milima ya Marin, California, kundi la vijana walishindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani. Njia yenyewe iliitwa Repack, maana breki za kwenye kitovu cha gurudumu zilichemka mpaka grisi ikawa moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi kupaka nyingine. Kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walitoka hapo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza baiskeli ya milimani ya kiwandani, na punde si punde zilikuwa madukani Uingereza pia.

Hata kwetu zilifika mapema. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, mtu na binamu yake, walizipandisha baiskeli mpaka kilele cha Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za maendeleo. Sehemu kubwa walizibeba mabegani, yaani baiskeli ndiyo iliyowapanda wao.

Sasa, watu wakishakuwa wengi, ugomvi hauko mbali. Njia ya farasi iliyokuwa ikipitiwa na watu wachache kwa siku ikaanza kupitiwa na makundi, tena kwa kasi. Mlima Snowdon huko Wales, ambao wenyewe wanauita Yr Wyddfa, ulikuwa mfano mkubwa. Ukazuka mpango wa kupiga baiskeli marufuku kwenye njia za kwenda kileleni. Kilichowaokoa ni makubaliano ya hiari: kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba, hakuna kupita na baiskeli kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Haki ya kisheria ipo, ila wanaiweka mfukoni saa hizo. Pale tatizo lilikuwa msongamano wa watu, lakini somo lake ndilo lililokuja kutumika kwenye matope: ukijizuia mwenyewe, huzuiwi na mwingine.

Basi tuje kwenye matope yenyewe. Udongo mkavu una nafasi ndogondogo za hewa, na chembe zake zinashikana. Mvua ikizijaza maji nafasi hizo, chembe zinateleza, udongo unakuwa laini kama uji. Tairi likipita linaacha mfereji. Mvua inayofuata haisambai tena, inaufuata huo mfereji, inapata kasi na kubeba udongo. Muulize yeyote aliyekulia kando ya barabara ya vumbi: lori moja likipita siku ya mvua ya masika, makorongo yake mtayaona mpaka kiangazi.

Halafu inakuja tabia yetu. Anayefika kwenye dimbwi analizunguka ili asichafuke. Wa pili analizunguka zaidi. Baada ya msimu mmoja, njia ya upana wa mita moja imekuwa uwanja wa matope, na majani ya pembeni yamekufa.

Nyika za Peak zina jambo la ziada. Udongo wake mweusi ni mabaki ya mimea yaliyorundikana kwenye maji bila kuoza sawasawa, tangu maelfu ya miaka. Unajijenga kwa milimita 1 hivi kwa mwaka. Piga hesabu. Mfereji wa kina cha sentimita 10 ni miaka 100 ya udongo. Yaani wikendi chache za baridi zinaweza kufuta kitu kilichoanza kujijenga kabla Benny Rothman hajapanda Kinder Scout.

Njia moja inaeleza habari yote hii, nayo ni Cut Gate. Ni njia ya farasi ya zamani inayovuka nyika kutoka Langsett mpaka bonde la juu la Derwent. Kwa watu wa baiskeli ni tamu ajabu ikikauka. Ikilowa, palikuwa na bwawa la matope la kuzamisha gurudumu zima, na kila mtu akalizunguka, likazidi kupanuka. Kisheria hakuna aliyelazimika kulirekebisha kwa ajili ya baiskeli. Nani basi? Vikundi vya waendesha baiskeli wa eneo hilo, pamoja na watembeaji na kampeni ya Mend Our Mountains, walichangisha fedha, na kazi ya kulitengeneza ikafanyika. Na wakaendelea kuambiana: kukiwa kumenyesha sana, nenda kwingine.

Hapo jembe lilikuwa limeshika mkono wa mgeni. Na kuanzia hapo, kwangu mimi, si mgeni tena.

"Kwingine" nako kuna historia yake. Katika miaka ya 1990 huko Coed y Brenin, Wales, Dafydd Davis na wenzake walianza kujenga njia za baiskeli msituni kwa mawe yaliyopangwa na kushindiliwa, zenye miteremko ya kutoa maji pembeni. Zilijengwa zikijua mvua itanyesha. Mfano huo ukaigwa Uskoti na kwingineko. Kwa hiyo unapoambiwa usipite Cut Gate leo, hujaambiwa ukae nyumbani. Umeambiwa uchague njia yenye mifupa.

Tumeshawahi pia kuona kufunga kwa lazima kunavyokuwa. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia kwenye mifugo, njia za mashambani zilifungwa karibu nchi nzima. Zaidi ya wanyama milioni 6 walichinjwa. Sababu ilikuwa ya msingi, lakini vijiji vilivyotegemea wageni viliumia vibaya, na watu wakajua kwamba njia ya umma inaweza kufungwa kwa tangazo moja.

Uskoti walichagua maneno yao vizuri. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupita karibu kila mahali, kwa baiskeli pia, mradi apite kwa uwajibikaji. Na mwongozo wake unamwambia mwendesha baiskeli aepuke ardhi yenye majimaji na udongo laini. Haki na wajibu vimefungwa kamba moja.

Lakini kuna jambo linanikera, na nisingependa kulipitia juujuu. Kujizuia si sawa kwa wote. Mtu anayeishi chini ya kilima akiona mvua Jumamosi atapanda Jumanne. Sisi tulio Leicester, mwenye Jumapili moja ya mapumziko, aliyekata tiketi ya treni wiki tatu kabla na kuazima baiskeli, yeye afanye nini? Na akifika, kama sura yake si ya kawaida huko, ndiye atakayeangaliwa kwanza tairi zake. Wengi wetu tunajua hisia hiyo ya kuwa mgeni wa kudumu, unayetakiwa kuwa na adabu mara mbili ya mwenyeji.

Sidhani jibu ni kupita kwa hasira. Jibu langu ni maji. Mabwawa ya bonde la Derwent, kule Cut Gate inakoishia, hupeleka maji Derby, Nottingham, Sheffield na hapa Leicester. Udongo unaomomonyoka juu unashuka huko. Ukifungua bomba kupika chai asubuhi, unakunywa mvua ya nyika ile. Siombi hisani kwa mtu nikiilinda. Nalinda kisima changu. Na wenyeji wanaotaka tushike jembe watupe taarifa mapema, kwa lugha ya wazi: njia ipi imelowa, ipi ya mawe, ili anayetoka mbali asikute lango limefungwa.

Kwa watakaotoka wikendi hii: angalia mvua ya siku mbili tatu zilizopita, si ya leo tu. Kuwa na njia ya pili ya mawe kwenye mpango wako. Tairi likianza kuzama au matope yakigandamana kwenye fremu, geuza. Dimbwi likiwa dogo, pita katikati yake, usilizunguke. Usifunge breki ukaburuza gurudumu. Asubuhi ya barafu ardhi ni ngumu, lakini saa sita imeshayeyuka, na hapo ni mbaya kuliko mvua. Na vikundi vya kutengeneza njia hupokea mtu yeyote. Jembe wanalo wao, lete glavu na chakula chako.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na huku ukuta hujengwa kwa kasi ya milimita moja kwa mwaka.