Mkalimani Asiyeuliza Wewe Ni Nani

Wasee, historia ya teknolojia tumefunzwa vibaya. Tunaambiwa ni hadithi ya kitu kipya kufukuza cha zamani: kaseti ikaenda, CD ikaja, CD ikaenda, sasa kila kitu kiko kwa simu. Kwa mfuko wako hiyo ni kweli. Lakini enda mahali maji yako yanasukumwa, stima yako inagawanywa na unga wako unasagwa. Huko utapata mashine imenunuliwa kabla uzaliwe, bado inapiga kazi, na hakuna mtu ako na haraka ya kuitoa. Kubadilisha simu ni mambo ya siku moja. Kubadilisha pampu ya mji ni kufunga maji ya mji.

Sasa swali. Hiyo mashine ilitengenezwa wakati hakukuwa na intaneti mahali ilipo. Inawezaje leo kuonekana kwa kompyuta ya ofisi iliyo kilomita hamsini kutoka hapo?

Jibu ni kasanduku kadogo. Kanatoshea mkononi. Upande mmoja kana tundu la waya wa kizamani, upande mwingine kana tundu la waya wa mtandao, ama antena. Kazi yake ni ukalimani tu: mashine inasema kwa lugha yake ya zamani, kasanduku kanapeleka kwa mtandao, jibu likirudi kanairudishia mashine. Wengi wenu hamjawahi kukasikia, na kuna siku tusanduku kama hutu tuliharibiwa wakati zaidi ya watu laki mbili walikuwa gizani.

Mimi si injinia. Chuo niliacha, kusoma sikuacha. Kwa hivyo twende polepole, na tuanze mbali kidogo.

Biti moja, mlango mmoja

Mwaka wa 1874 Mfaransa anaitwa Émile Baudot alisajili mfumo wake wa telegrafu. Kila herufi aliipatia alama tano za kuwaka na kuzima, zikipita kwa waya moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo maana ya seriali: mfululizo, kama watu wakipanda matatu yenye mlango mmoja. Hakuna kusukumana, kila mtu na zamu yake. Mpaka leo kasi ya laini za aina hii hupimwa kwa baud, jina lake huyo jamaa.

Miaka themanini na kitu baadaye, 1960, Wamarekani wakatoa kanuni ya kuunganisha mashine za kuchapa na modemu. Wakaiita RS-232. Kama umewahi kuangalia nyuma ya kompyuta ya zamani ama printa ya risiti ukaona tundu lenye pini tisa na skrubu mbili pembeni, umeonana nayo. Shida yake ni umbali. Waya wake uliwekewa mita 15 hivi, na unaunganisha vitu viwili tu, huyu na yule.

Viwanda navyo vilikuwa na shida yao. Magari ya General Motors yalitengenezwa kwa mashine zilizoendeshwa na rilei, zile swichi ndogo za sumaku, mamia kwa mamia kwa kabati. Ukibadilisha modeli ya gari, mafundi wanafungua kabati na kuanza kupanga waya upya. Mwaka wa 1968 Dick Morley na wenzake wakaja na wazo la kompyuta ngumu ya kiwandani, ambayo badala ya kubadilisha waya unabadilisha programu. Wakaiita Modicon 084, juu ilikuwa mradi wao wa 84.

Mwaka wa 1979 hiyo Modicon ikatoa sheria za maongezi kati ya mashine zake. Zinaitwa Modbus, na hapa naomba umakini wako, juu hadithi yote inasimama hapa.

Darasa lisilojua mwalimu

Fikiria darasa la primari. Mwalimu anaita namba: "Kumi na saba, joto ni ngapi?" Namba 17 anajibu: "Themanini na mbili." Mwalimu anaita tena: "Ishirini, zima pampu." Namba 20 anazima na kusema amezima. Hakuna mtu anaongea kabla aitwe. Hiyo ndiyo Modbus. Kila mashine ina namba yake kati ya 1 na 247, na kuna mkuu mmoja wa kuuliza na kuamuru.

Kila ujumbe una hesabu ndogo mwishoni ya kuthibitisha haujaharibika njiani. Lakini sikiza vizuri: hesabu hiyo inakagua kama maneno yamefika sawa. Haikagui nani ameyasema. Hakuna paswadi. Yeyote akisimama mbele ya darasa na kuita namba 20 azime pampu, namba 20 atazima.

Je, walikuwa wajinga? Hapana, na hapa ndipo watu wa siku hizi wanawaonea wazee. Mwaka wa 1979 huo waya ulikuwa ndani ya kiwanda. Kiwanda kilikuwa na ukuta, ukuta ulikuwa na geti, geti lilikuwa na askari. Ukitaka kuongea na namba 20 ilibidi kwanza upite kwa askari, utembee mpaka kwa mashine, uchomeke waya. Usalama ulikuwepo. Ulikuwa tu nje ya waya.

Mwaka wa 1983 ikaja RS-485, ikamaliza shida ya umbali. Inatumia waya mbili zilizosokotwa, na mashine husoma tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ya mota kubwa ikiingia, inaingia kwa zote mbili sawasawa, kwa hivyo tofauti haibadiliki. Ujanja safi. Sasa unaweza kuweka mashine 32 kwa laini moja mpaka mita 1200. Darasa likakua, lakini bado lilikuwa ndani ya geti.

Wakati huo huo, kwingine

Wakati viwanda vinasokota waya, watu wengine walikuwa wanajenga mitandao. Cha kushangaza ni kwamba hewa ilitangulia. Mwaka wa 1971 chuo kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kiliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio wa kuunganisha watumiaji wa visiwa tofauti na kompyuta moja kubwa. Kijana wa Xerox, Bob Metcalfe, alisoma mambo ya ALOHAnet, akachukua wazo la watu wengi kutumia njia moja, akalishusha kutoka hewani mpaka kwa kebo. Tarehe 22 Mei 1973 akaandika memo ya kitu alichokiita Ethernet. Yeye na David Boggs waliijenga ikikimbia karibu megabiti 3 kwa sekunde. Mwaka wa 1983, ule ule wa RS-485, ikawa kanuni rasmi.

Kwa hivyo miaka ya themanini kulikuwa na dunia mbili. Ofisini Etheneti inakua, kiwandani seriali imetulia. Na mwenye kiwanda akaanza kujiuliza swali la kawaida kabisa: kwa nini nitume mtu atembee kusoma mita, na nina mtandao umefika hapo?

Hapo ndipo kasanduku ketu kanaingia. Kanachukua biti kutoka kwa waya wa zamani, kanazifunga kwa pakiti, kanazituma kwa Etheneti. Upande wa kompyuta unaweka programu inayojifanya kuwa lile tundu la pini tisa. Programu ya zamani inaamini bado imechomekwa kwa mashine, kumbe mashine iko mji mwingine. Oktoba 1997 kukatoka hata mwongozo wa umma, RFC 2217, wa jinsi ya kubadilisha kasi ya tundu la seriali ukiwa mbali. Mwaka huo huo ikatoka kanuni ya kwanza ya 802.11, mambo tunayoita Wi-Fi leo, na antena zikaanza kuota kwa tusanduku. Mwaka wa 1999 Modbus yenyewe ikapewa njia yake ya kupita kwa mtandao, kwa mlango namba 502.

Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila kejeli. Mashine za mamilioni ziliokolewa zisitupwe. Lakini cheki kilichofanyika. Darasa ni lile lile, wanafunzi ni wale wale, bado wanatii sauti yoyote. Kilichobadilika ni kwamba ukuta umebomolewa na hakuna mtu alimwajiri askari mwingine.

Bili ikaletwa

Ya kwanza ililetwa Australia, mwaka wa 2000, eneo la Maroochy, Queensland. Pampu za majitaka zilikuwa zinaendeshwa kwa redio. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi na kampuni iliyofunga mitambo hiyo alinyimwa kazi na baraza la mji. Akaingia kwa gari na redio na kompyuta, akaanza kuamuru pampu kama yeye ndiye mwalimu. Karibu lita 800,000 za majitaka zikamwagika kwa bustani, mito na hata uwanja wa hoteli. Alifungwa miaka miwili. Pampu hazikuharibika. Zilitii tu.

Ya pili ni Ukraine, 23 Desemba 2015. Wavamizi walikuwa wameingia kimyakimya kwa kampuni tatu za kusambaza umeme. Alasiri hiyo wafanyakazi wakaona mshale wa kipanya unatembea wenyewe kwa skrini, ukifungua swichi moja baada ya nyingine. Wateja kama 225,000 wakabaki bila stima, katikati ya baridi.

Kuzima ilikuwa nusu ya mpango. Nusu ya pili ilikuwa kuhakikisha huwezi kuwasha. Wavamizi wakaenda kwa tusanduku twa ukalimani twa vituo vya umeme na kufuta programu ya ndani, wakaandika takataka. Kompyuta ya ofisi bado ilikuwepo. Swichi bado zilikuwepo, nzima kabisa. Mkalimani amekatwa ulimi. Ofisi inaita, kituo hakisikii.

Unajua stima ilirudije? Mafundi waliingia kwa magari, wakaendesha mpaka kwa vituo, wakafunga swichi kwa mikono. Ndani ya masaa machache, taa zikawaka. Kituo cha kizamani chenye mpini wa kushika ndicho kiliokoa siku.

Na usifikirie mambo yameisha. Januari 2024, Ukraine tena, mji wa Lviv, programu haribifu inayoongea Modbus, ile ile ya 1979, iliziambia mashine za joto mambo ya uongo. Zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikaa karibu siku mbili bila joto, na nje ni barafu. Lugha ilikuwa imefikisha miaka 45 na bado haikuuliza wewe ni nani.

Basi tutupe vya zamani?

Najua mtu ameshaandika kichwani, "Si wanunue mashine mpya tu." Mimi nakataa. Uzee sio shida. Angalia tokeni ya stima hapa kwetu. Ni namba 20 unabonyeza na kidole chako, teknolojia ya miaka ya tisini kutoka Afrika Kusini. Ukifikiria, wewe mwenyewe ndiye waya. Lakini hizo namba zimefungwa kwa siri, mita yako pekee inaweza kuzifungua, na ukizirudia inakataa. Mita haiamini mtu yeyote, hata wewe mwenye nyumba. Ni mfumo wa kizamani, na mlango wake una kufuli, juu waliojenga walijua tangu mwanzo kwamba mita itakaa nyumbani kwa watu wasiowajua.

Modbus haikujua. Ilijengewa chumba kilichofungwa, halafu sisi tukaitoa nje. Kwa hivyo kosa haliko 1979. Liko siku ile mtu alichomeka kasanduku, akaona namba zinatokea kwa skrini, akafurahi, akaenda nyumbani na paswadi ya kiwandani bado iko hivyo hivyo.

Nawaambia haya juu huyo mtu anaweza kuwa wewe. Kila mtu anaongea kuhusu AI, lakini mji unahitaji pia watu wa kuunganisha pampu na mita. Ukipata hiyo kazi, jiulize vitu vitatu. Nani mwingine anaweza kufikia hiki kitu kutoka nje? Kikiamriwa kufanya ujinga, kuna kitu cha kukizuia? Na kasanduku kakifa usiku, kuna mtu anajua kuendesha hii mashine kwa mikono?

Hilo la tatu ndilo watu husahau. Tukishaunganisha kila kitu, tunaona hakuna haja ya yule mzee anayejua mpini uko wapi. Ukraine walikuwa bado na wazee kama hao, ndio maana giza lao lilihesabiwa kwa masaa. Kama uko na beshte anasomea mambo ya stima, mtumie hii, na umwambie akianza kazi aulize mpini uko wapi kabla ya kuuliza paswadi ya Wi-Fi.