Matabaka ya kinywe yanavyohifadhi umeme, na maana yake kwa viwanda vya chai

KERICHO

UMEME ukikatika kiwandani, majani ya chai yaliyokwisha kusagwa hayasubiri urudi. Huendelea kuchachuka, na yakipitiliza muda wake rangi na ladha huharibika. Kwa kuwa kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo 4.5 za majani mabichi, hasara hiyo humrudia mkulima na mchumaji.

Jenereta za dizeli ndizo zilizozoeleka kuziba pengo hilo, kwa gharama kubwa. Mwaka 2014 shamba la chai la Changoi, la kampuni ya Williamson Tea, lilipata mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 1. Hata hivyo, wakazi wa Kericho na Bomet wanalijua jua lao: asubuhi huangaza, alasiri mawingu hutanda na mvua ikanyesha. Nacho kiwanda huweza kufanya kazi hadi usiku. Suala basi ni kuuweka akiba umeme wa asubuhi, na hapo ndipo elimu ya maada za matabaka inapohusika.

Mfano ulio karibu zaidi ni kinywe, madini yaliyomo katika penseli. Ndani yake atomi za kaboni hujipanga pembe sita sita mithili ya sega la nyuki, zikafanya tabaka lenye unene wa atomi moja. Kati ya tabaka na tabaka kuna nafasi ya nanomita 0.335 tu. Atomi za tabaka moja zimeshikana imara, lakini matabaka yenyewe yameshikana kwa udhaifu. Ndiyo sababu penseli huacha alama karatasini.

Udhaifu huo ndio faida ya betri. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hupenya na kutulia baina ya matabaka, ioni moja kwa kila atomi sita za kaboni. Inapotumika, ioni hutoka na elektroni hupita katika waya zikiendesha mashine.

Stanley Whittingham alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba salfaidi ya titani, nayo ya matabaka, huweza kupokea lithiamu. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake walitumia oksidi ya kobalti, na mwaka 1985 Akira Yoshino akaunda betri iliyo salama zaidi. Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na wataalamu hao watatu wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua tabaka moja la kinywe kwa utepe wa kunata. Tabaka hilo huitwa grafini. Gramu yake moja, ikikunjuliwa, ina eneo la mita mraba 2,630 kwa pande zote mbili, zaidi ya nusu ekari. Eneo hilo hufaa kwa superkapasita, chombo kinachojaa na kutoa umeme kwa sekunde chache. Kasoro yake ni kwamba matabaka hupenda kurudiana na kugandamana.

Kundi jingine, maksini, liligunduliwa mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani. Hupitisha umeme vizuri, lakini huharibika likikaa katika maji na hewa.

Upande wa kugeuza nishati, salfaidi ya molibdenamu husaidia umeme kutenga haidrojeni kutoka kwa maji, kazi ambayo kwa kawaida hutaka platini iliyo ghali. Kinachotenda hasa ni kingo za matabaka, wala si uso wake. Haidrojeni ndiyo msingi wa amonia, na amonia ndiyo msingi wa mbolea ya naitrojeni ambayo mchai hauwezi kuikosa.

Kwa sasa, hata hivyo, betri zinazouzwa kwa mitambo ya jua bado hutegemea zaidi kinywe cha kawaida. Madini hayo yamo Afrika Mashariki, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, nchini Tanzania. Sehemu kubwa mno ya kazi ya kuyasafisha kwa ajili ya betri hufanyika China. Mkulima wa Kericho anaifahamu hali hiyo: chai yake nayo huuzwa kwa wingi katika mnada wa Mombasa, ikachanganywa na kufungashwa ng'ambo, na faida kubwa ikabaki huko.