Bakubwa wa soko na kobalti ya kwetu

Wandugu, wengi wetu tumemaliza masomo, kazi hakuna, basi tunanunua na kuuza sokoni kwa telefoni, asubuhi hadi jioni. Wanaotufundisha wanasema: bakubwa banakusanya kimyakimya bei ikiwa chini, inapanda, banauzia badogo kule juu, kisha inaanguka. Fundisho hilo ni la zamani. Richard Wyckoff, aliyeingia Wall Street mwaka 1888 akiwa kijana, njo alilieneza. Alitaka tulione soko zima kama mutu mumoja mwenye makuta mingi na mpango wake.

Nimelipima kwa kitu tunachokijua: kobalti.

Mwanzoni mwa 2016 tani moja haikufika dola 25,000. Halafu, kwa habari ya magari ya umeme, mifuko kama Pala Investments ya Uswisi na Shanghai Chaos ya China ikanunua kobalti yenyewe na kuiweka ghalani. Juni 2017 Cobalt 27 ya Kanada ilikusanya dola za Kanada milioni 200, ikanunua zaidi ya tani 2,000. Machi 2018, London, bei ilikaribia dola 95,000. Mpaka hapo Wyckoff ana haki.

Sasa angalia upande wa huku. Bei ile iliita kila mtu Kolwezi: migodi mikubwa iliongeza kazi, wachimbaji wa mkono wakashuka mashimoni, makamyo yakapanga foleni kuelekea Kasumbalesa. Mzigo ukazidi haja ya viwanda. Mwanzoni mwa 2019 bei ilikuwa imerudi karibu na dola 30,000. Cobalt 27 ilikuwa ingali na kobalti yake ghalani, na mwaka uleule ikanunuliwa na Pala. Agosti, Glencore ikatangaza kwamba itasimamisha Mutanda, na unajua ni familia ngapi zinakula pale.

Kwa hiyo mkubwa naye anaweza kubakia na mzigo. Mimi naona zile awamu za kwenye chati ni rahisi kuzichora nyuma, mambo yakiisha. Mtu wa Kolwezi aliyehesabu makamyo alikuwa na habari ambayo tajiri wa Toronto aliihitaji sana.

Februari 2025 bei ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 21,000. Serikali yetu ikafunga kuuza kobalti nje kwa miezi minne, na ndani ya wiki chache bei ikapanda. Safari hii mkubwa alikuwa Kinshasa, na tangazo lake lilisomwa hadharani.