Utabiri wa mwisho wa dunia

Utabiri wa mwisho wa dunia ni tangazo la lini au vipi ulimwengu utakoma. Huko Kanungu, Uganda, wafuasi wa viongozi wa kidini Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali wakingoja dunia iishe mwishoni mwa 1999. Siku ikapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao. Kosa halikuwa imani: Biblia na Kurani zote zafundisha kwamba saa hiyo aijuaye ni Mungu pekee, hivyo mtaja tarehe hupingana na kitabu chenyewe. Wapo wasemao sayansi nayo hutisha. Kweli, mwaka 2004 asteroidi Apophis ilihofiwa kuigonga Dunia 2029. Lakini wanaastronomia waliendelea kupima, wakaifuta hofu hiyo hadharani, na hakuna aliyeambiwa auze shamba.