Ukuta wa Kalenga

Msafiri atokaye Ruaha Mbuyuni, akiisha kupanda Kitonga, hupita Lugalo kabla ya kufika Iringa. Hapo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliokuwa wamejificha vichakani waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski. Hawakuwa na ukuta wowote.

Ukuta ulikuwa Kalenga, magharibi ya Iringa. Kama vile Warumi walivyoanza mwaka 122 kujenga ukuta wa Kaisari Hadrian huko Uingereza, Mtwa Mkwawa naye aliuzungushia mji wake ngome ya mawe. Hata hivyo, tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliiteka. Mkwawa, asiye na boma tena, aliendelea kupigana hadi kifo chake tarehe 19 Julai 1898, kwa kuwa raia zake walimficha na kumlisha.

Leo mabaki ya ukuta huo ni machache, bali jina la Mkwawa lingali hai vinywani mwa watu. Nasi tukusanyao michango ya mawe na mabati ya makanisa hatuna budi kujiuliza: kuta zikianguka, ni nani watakaobaki wamesimama?