Ruzuku za utafiti kwa biashara ndogo: zinavyofanya kazi na pale zinapoishia

Fundi wa kuchomelea anayebuni jokofu la sola la kusafirishia samaki kutoka Ziwa Victoria hukutana na tatizo lile lile popote alipo, Mwanza, Kisumu au Entebbe. Jokofu la kwanza anaweza kulitengeneza kwa akiba yake. La kumi linahitaji vipimo, marekebisho na miezi kadhaa bila mauzo. Benki inataka dhamana, na wazo halina hati ya kiwanja. Mwenye lori anataka kuona kwanza kama samaki watafika mpakani wakiwa wazima.

Pengo hilo, kati ya kifaa kinachofanya kazi karakanani na bidhaa inayouzika, ndilo ambalo serikali kadhaa zimejaribu kuliziba kwa ruzuku ya utafiti. Ruzuku si mkopo, hairudishwi na haina riba. Lakini ina masharti, na ina mahali inapoishia.

Mfano wa Marekani

Mpango unaotajwa zaidi ni SBIR wa Marekani. Ulianza mwaka 1977 kama jaribio ndani ya Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo, chini ya Roland Tibbetts. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoufanya kuwa wa serikali nzima.

Sheria hiyo haikuunda mfuko mpya. Ilizitaka idara ambazo bajeti yake ya utafiti unaofanywa na watu wa nje inazidi dola milioni 100 kutenga sehemu kwa ajili ya kampuni ndogo. Kiwango kilianza na asilimia 0.2, kikafika asilimia 2.5 mwaka 1997 na asilimia 3.2 mwaka 2017. Kampuni inayostahili ni ya kibiashara, ina wafanyakazi wasiozidi 500, na zaidi ya nusu yake kwa kawaida inamilikiwa na raia au wakazi wa kudumu wa Marekani.

Fedha hutolewa kwa awamu. Awamu ya kwanza, ya miezi sita hivi, hujibu swali moja tu: je, jambo hili linawezekana? Waliofaulu huomba awamu ya pili, ya takriban miaka miwili, kutengeneza na kupima kifaa chenyewe. Awamu ya tatu ni ya kuingia sokoni, na hapo fedha za mpango hukoma. Kampuni hutafuta wateja au wawekezaji.

Mambo mawili yanaupa mpango huo nguvu. Kwanza, serikali haichukui hisa, na kampuni hubaki na haki ya uvumbuzi wake huku serikali ikiruhusiwa kuutumia kwa mahitaji yake bila malipo. Pili, idara ya serikali inaweza kununua bidhaa iliyotokana na mpango bila kuitisha zabuni nyingine ya ushindani. Kwa maneno mengine, aliyelipia utafiti anaweza kuwa mteja wa kwanza. Qualcomm na iRobot zilipata fedha hizo zilipokuwa bado changa.

Udhaifu wake ni kwamba idhini ya Bunge hutolewa kwa muda. Kati ya mwaka 2008 na 2011 mpango uliishi kwa nyongeza fupi fupi, na tarehe 30 Septemba 2025 idhini ilifikia kikomo bila wabunge kukubaliana. Kampuni yenye mafundi wanne haiwezi kuwalipa mishahara kwa ahadi ya kikao kijacho.

Hali ya Afrika Mashariki

Mfano unaojulikana zaidi katika kanda hii ulianza na fedha za nje. Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1 kwa Vodafone, nayo kampuni ikaweka kiasi kama hicho, kujaribu malipo kwa simu nchini Kenya. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007, M-Pesa, ikajengwa juu ya matumizi hayo. Vodafone si biashara ndogo, lakini funzo linabaki: fedha za majaribio zilinunua nafasi ya kugundua mteja anataka nini hasa.

Nchini Uganda, gari la umeme la Kiira EV lilitengenezwa na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, likaonyeshwa mwaka 2011. Basi la Kayoola linalotumia sola lilifuata mwaka 2016. Serikali ilichagua njia tofauti na ya Marekani: badala ya kutoa ruzuku na kukaa pembeni, ilikuwa mmiliki mkuu wa Kiira Motors. Njia hiyo huleta mtaji wa kiwanda, lakini fundi wa kawaida hawezi kuifuata.

Kenya ilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu mwaka 2013, ikaunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na wakala wa ubunifu. Sheria ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa mfuko huo. Fedha zilizotolewa hazijawahi kukaribia kiwango hicho. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo husimamia mfuko wa MTUSATE. Mashindano ya MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yamekuwa mlango wa wabunifu wasio na shahada. Kwa upande wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tume ya sayansi na teknolojia, EASTECO, ina makao yake Kigali.

Kinachokosekana mara nyingi ni awamu ya tatu. Mshindi hupata cheti na fedha za kifaa cha kwanza, kisha hakuna halmashauri, hospitali wala bohari ya serikali inayolazimika kununua.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuomba

Haki ya uvumbuzi. Hataza hulinda ndani ya nchi ilikosajiliwa tu. Kupitia Itifaki ya Harare ya ARIPO, ombi moja linaweza kutaja Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Burundi na Kongo hushughulikiwa peke yake. Kuonyesha kifaa kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha ombi kunaweza kuiondoa haki hiyo.

Mkataba. Isomwe sehemu inayosema nani anamiliki matokeo. Chuo kinachotoa maabara huenda kikadai sehemu.

Ratiba ya malipo. Ruzuku nyingi hulipwa kwa mafungu baada ya ripoti. Asiyeweka hesabu husubiri fungu la pili bila mafanikio.

Viwango. Chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006, bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama inatakiwa kukubaliwa na nyingine bila kupimwa upya. Kwa hiyo gharama za kupata alama ziwekwe kwenye bajeti ya ombi tangu mwanzo.

Mnunuzi. Barua ya mwenye malori au ushirika wa wavuvi kwamba watalijaribu jokofu kwa safari kadhaa ina uzito kuliko kurasa za maelezo. Msafirishaji naye anafaidika: anapata kifaa kabla ya washindani wake, na hasara ya majaribio, kama mkataba umeandikwa vizuri, hubebwa na ruzuku badala ya samaki wake.