Behewa la breki, lile la mwisho kabisa



Leo nawaletea historia ya kitu ambacho sisi watu wa Buha hatukijali hata kidogo, lakini kuna watu Ulaya wanaweza kukibishania mpaka usiku wa manane. Ni behewa la breki. Lile dogo la mwisho kwenye treni ya mizigo, alimokuwa akikaa gadi.

Msicheke. Kuna watu wazima na akili zao ambao wamejenga reli nzima chumbani au kwenye dari ya nyumba: stesheni, madaraja, milima, na treni ndogo za umeme zinazozunguka humo. Treni ndogo za Hornby za Uingereza zilianza kuuzwa mwaka 1920. Kikitoka kibehewa kipya cha breki, watu hawa wanakiweka mezani na kukikagua kama daktari anavyomkagua mgonjwa. Baraza ya gadi ina urefu sawa? Vishikio vya mlangoni ni vya waya au vimechorwa tu? Taa ipo mahali pake? Rangi ya paa ni ya mwaka gani?

Ugomvi wao mkubwa kuliko wote ni wa milimita mbili. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Ukiipunguza kwa kipimo chao cha mara 76 hivi, unapata milimita 18.83. Lakini reli ndogo zinazouzwa madukani zina milimita 16.5 tu. Kambi moja inasema yaacheni, mradi treni inakimbia. Kambi nyingine inang'oa magurudumu na kujenga upya kila kitu mpaka ifike 18.83. Ubishi huu una miongo mingi na haujaisha.

Nilipoanza kufuatilia habari hizi nilijiuliza: kwa nini behewa la breki? Injini naielewa, injini ndiyo fahari ya treni. Hili la mwisho lina nini?

Jibu liko kwenye historia yake. Treni nyingi za mizigo za zamani zilikuwa na breki sehemu mbili tu ambazo wafanyakazi wangeweza kuzitumia wakiwa safarini: kwenye injini mbele, na kwenye behewa la gadi nyuma. Mabehewa ya katikati yaliunganishwa kwa minyororo iliyolegea na yalifuata tu. Treni ikishuka mlima, gadi alizungusha usukani wa breki yake ili mkia usiisukume injini. Mnyororo ukikatika kwenye mwinuko, yeye peke yake ndiye aliyebaki kuyazuia mabehewa yasirudi nyuma. Na ile taa nyekundu ya mkiani ilikuwa ushahidi. Mlinzi wa ishara akiiona inapita, anajua treni imepita nzima, hakuna kipande kilichobaki njiani.

Kwa maneno mengine, ni behewa la usalama. Anayelikosoa kwa rula anakosoa kitu kilichobeba roho za watu.

Mfano ambao kila mpenda reli anaujua ni wa Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni 1889. Treni ya matembezi ya shule ya Jumapili, imejaa watoto, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaamua kuikata vipande viwili ili injini ipeleke nusu kwanza. Mabehewa ya nyuma yakaachwa mlimani yakishikiliwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho, pamoja na mawe chini ya magurudumu. Kipande cha mbele kilipotaka kuondoka kikarudi nyuma kidogo tu, kikagonga. Mawe yakasagika. Mabehewa yakateremka na kuigonga treni iliyokuwa ikija nyuma. Watu 80 walikufa.

Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kila treni ya abiria iwe na breki zinazojifunga zenyewe, kuanzia mbele hadi nyuma. George Westinghouse wa Marekani alikuwa ameanza kazi ya breki za hewa tangu mwaka 1869. Mfumo uliokuja kuenea unafanya kazi kinyume na unavyoweza kudhani: hewa iliyosindikwa kwenye bomba ndiyo inayozifungua breki, na hewa ikipotea ghafla breki zinafunga. Kwa hiyo treni ikikatika, vipande vyote viwili vinasimama.

Mabehewa ya mizigo nayo yalipopata breki hizi, gadi wa nyuma akaanza kuonekana gharama. Uingereza mwaka 1968 iliruhusu treni zenye breki kila behewa zisafiri bila behewa la mwisho. Marekani kwenye miaka ya 1980 nafasi yake ilichukuliwa na kisanduku chenye taa kinachopima hewa ya mkiani. Ndipo behewa likahamia makumbusho na kwenye meza za wapenzi wa treni ndogo.

Sasa turudi kwetu. Kasulu na Kibondo hazijawahi kuwa na stesheni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma Februari 1914, lakini ilipita kule chini, Uvinza. Sisi wa juu tuliteremka kuifuata. Zama za Waingereza Buha iligeuzwa ghala la manamba. Chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoanzishwa 1944, SILABU, kilikusanya vijana huku kwetu, na reli ikawachukua kwenda mashariki. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa 1963, kwa hiyo kabla ya hapo hata treni haikuweza kuwafikisha Tanga moja kwa moja. Babu zetu walilijua behewa kama mzigo unavyolijua.

Angalia pia watoto wetu. Mtoto wa Kasulu anatengeneza lori la mbao au la makopo, magurudumu ya ndala. Hatengenezi treni. Anatengeneza anachokiona kikipita mbele ya nyumba yao.

Lakini kutoiona reli hakutuweki mbali nayo. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kuja bara, ikiwa na abiria zaidi ya 1,000, ilipata matatizo ya breki kwenye mwinuko wa Igandu, mkoani Dodoma. Ikaanza kurudi nyuma. Ikateremka bila kushikika mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hiyo ndiyo njia yetu wadau, ndiyo inayokwenda Kigoma!

Sasa weka Armagh na Igandu pamoja. Mwinuko, treni iliyosimama, kurudi nyuma, treni nyingine nyuma yake. Katikati kuna miaka 113.

Na msidhani wakubwa wamepona. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, karibu na Lac-Mégantic, Kanada, treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa kwenye mteremko na mfanyakazi mmoja tu. Alifunga breki saba za mkono. Injini ilizimwa baadaye kwa sababu ya moto, hewa ikavuja taratibu, na breki saba hazikutosha. Watu 47 walikufa. Breki ya hewa inafunga vizuri hewa ikipotea ghafla, lakini treni ikiachwa muda mrefu nguvu yake inakwisha. Hapo ndipo breki ya mkono, ile kazi ya kizamani ya gadi, inarudi kuwa ya kwanza.

Maoni yangu ni haya. Wale jamaa wa milimita mbili wana jambo la kutufundisha. Sisi tukisikia treni mpya tunauliza spidi yake na rangi ya viti. Januari 2025 mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, ulisainiwa, na siku moja treni hizo zitapita mkoani kwetu. Siku hiyo tuulize kama wao: ikisimama mlimani na hewa ikaisha, nini kinaishikilia? Nani yuko nyuma?

Kila aliyepoteza ndugu Igandu ana haki ya kupata jibu hilo kabla ya kukata tiketi.

Tafakari.